Laini ya Hatua Arobaini na Moja

Kutoka mlango wangu hadi mlango wa mke wa mwanangu ni hatua arobaini na moja. Nimezipima kwa miguu, nikazipima kwa kamba, na siku moja nilipokosa kazi kabisa nikazipima kwa darubini na pembe, kama tulivyokuwa tukipima vilima. Jibu ni lile lile. Maisha yangu yote nimelipwa mshahara wa kupeleka sauti za watu mbali, ng'ambo ya ziwa, juu ya milima, katikati ya mvua. Laini iliyonishinda ni hiyo ya hatua arobaini na moja, hapa Susuni, Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, kwenye uwanja wa baba yangu.

Mimi ni mtafiti wa mawimbi ya redio, mstaafu. Ukisema hivyo pale sokoni Nkende, kesho yake mtu anakuletea redio iliyokufa spika. Sikatai, naitengeneza, lakini ile haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kujua mawimbi yanapotelea wapi. Mnara huu unatuma, mnara ule unapokea, na katikati kuna kitu kinakula. Ni nini? Mvua inakula. Majani mabichi yanakula. Kuna mwaka nilikaa miezi kwenye kilima kimoja kando ya ziwa kwa sababu simu za mji mzima zilikuwa zinafifia kila mchana na kurudi jioni, na wakubwa wangu walikwisha kuamua kwamba kuna mtu anafanya hujuma. Hujuma gani? Ziwa likitulia linakuwa kama kioo. Mawimbi mengine yananyooka, mengine yanagonga maji na kuruka, yanafika yamechelewa kidogo na kugombana na wenzao. Tukateremsha antena moja chini kidogo, kilima kikakinga yale ya majini, na ugomvi ukaisha. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile. Mtu wa kumwambia alikuwa mlinzi peke yake. Akasema sawa bosi, akaendelea kuchoma mahindi yake.

Vilimani unaishi na mitambo na upepo, kwa hiyo nikaanza kushika mambo mengine ili nisiwe kichaa. Nilirekodi ndege kwa kaseti. Nilifuga nyuki. Nilitengeneza saa za ukutani za watu nisiowajua. Niliandika maneno ya Kikurya ya rangi za ng'ombe, maana ng'ombe mmoja kwetu anaweza kuwa na jina refu kuliko la diwani. Nilipima mvua kila mahali nilipolala, na bado napima. Madaftari yamejaa sanduku la bati na kumwagika. Marehemu mke wangu, aliyebaki hapa akilima ulezi na muhogo na kunizalia mtoto mmoja wa kiume, aliniambia mara moja tu, bila hasira: "Wewe unajua kila kitu kilicho mbali." Nilidhani ananisifu.

Nilipostaafu nikarudi. Ndipo nikaanza kuishi na mke wa mwanangu, mtoto wa watu wa Busawe, kule wilaya ya Serengeti. Mwanangu yuko Dar es Salaam. Alimwoa, akamleta hapa, akasema atamfuata akishapata nyumba ya maana. Ikawa mwaka, ikawa miaka. Mtoto hawakupata.

Sasa, kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, yeye haingii chumba changu na mimi sikanyagi kizingiti chake. Tukikutana njiani mmoja anapinda. Watu wa mjini wakiona wanadhani ni chuki. Ni heshima, na ni nzito kweli kweli. Ukiivunja hakuna atakayekusema usoni, ila utaona watu wananyamaza ukipita.

Mke wangu alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa kituo chetu cha katikati. Mkwe wangu anasimama uani, mimi nimekaa kwenye kiti hatua kumi kutoka hapo, nasikia kila neno, naye anasema, mama, mwambie tata maji ya kuoga yamechemka. Tata ndiyo baba, huku kwetu. Mke wangu ananigeukia: umesikia? Namjibu: mwambie nimesikia. Na anamwambia! Sisi mafundi tuna vituo vya namna hiyo juu ya vilima, kazi yake ni kupokea na kurusha mbele. Nilikuwa nikicheka peke yangu nikifikiria kwamba nimeoa kituo cha kurushia mawimbi. Sikujua kwamba kituo kinaweza pia kukaa na ujumbe.

Miaka mitatu iliyopita aliugua tumbo, akafariki kabla ulezi haujavunwa. Mwanangu alikuja kuzika, akakaa juma moja, akarudi alikotoka. Tukabaki wawili, kila mtu na nyumba yake, na hapakuwa na mtu wa katikati.

Mkwe wangu akaanza kuongea na mbwa. Alikuwa mbwa mzee wa rangi ya majivu, sikio moja halisikii. Anaweka sinia kwenye kigoda katikati ya uwanja, anarudi nyuma, anamwambia mbwa kwamba ugali ukipoa hauna maana. Mimi natoka, nakaa, namwambia mbwa kwamba mboga ya leo imekolea. Mbwa anaangalia huku, anaangalia kule. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Halafu mbwa akagongwa na pikipiki, na uwanja ukanyamaza. Nilimlilia mbwa yule, na sioni aibu kusema.

Utauliza, na simu za mkononi je? Ah, hapo ndipo pananiuma. Zamani, nilipokuwa bado kazini, niliulizwa mnara wa upande huu ujengwe kilima kipi. Vilikuwa viwili. Kimoja kingemulika nyumbani kwetu kama taa. Cha pili kilifikia vijiji vingi zaidi, lakini kiliacha bonde letu kwenye kivuli. Nilipima mara tatu nikitafuta sababu ya kuchagua cha kwanza, nikaikosa. Nikachagua cha pili, nikatia sahihi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisema nimewapa majirani wote mwanga nikamwachia yeye moshi. Mpaka leo ukitaka mtandao hapa unapanda kilima nyuma ya zizi mpaka kwenye kichuguu, na hata hapo simu inakukaribisha Kenya kwanza, kabla haijakumbuka uko Tanzania. Kila Jumamosi asubuhi napanda kuongea na mwanangu. Kilima kile sasa nakipanda kwa vituo.

Basi baada ya mbwa kufa nilifungua sanduku langu. Nilikuwa na simu mbili za zamani, nyeusi, nzito, zile zenye mpini pembeni, unauzungusha na kengele inalia upande wa pili. Zilikuwa zinatupwa ofisini, nikaziomba. Nikaenda kwanza kwa mzee mmoja wa ukoo wetu kumuuliza kama ni halali. Akafikiri sana, akasema mila inataja mkono, jicho na mlango, waya hajawahi kuusikia ukitajwa. Nikachimba mtaro mwenyewe, goti linalia, nikalaza waya ndani ya bomba kwa ajili ya mchwa. Simu yake nikaiweka dirishani kwa nje, pamoja na maelekezo ya ukurasa mzima yenye mchoro, nikaondoka. Baadaye alikuja kuniambia hakuyasoma. Alizungusha tu.

Siku ya kwanza alisema, chakula tayari, tata. Nikasema ahsante. Tukakata. Nilikaa na mkono juu ya simu ile kama mtu aliyeshika kikombe cha moto, sijui nikiweke wapi.

Ikaendelea hivyo kama mwezi, chakula tayari, ahsante. Kisha siku moja mvua ilinyesha, nikajikuta nimemwambia ni milimita ngapi. Akauliza, hizo ni nyingi au chache? Swali zuri. Nikamjibu. Kesho yake akaniuliza yule ndege anayelia kabla ya alfajiri anaitwa nani, nikaenda kutafuta kaseti. Akanisimulia kwao Busawe, jinsi tembo wanavyotoka hifadhini na kuingia kwenye mahindi, na baba yake anavyowafukuza kwa kugonga madebe na kupiga kelele usiku kucha, asubuhi anaamka hana sauti. Tukawa na saa yetu, kabla ya jua kuzama. Mimi, ambaye siku nzima nilikuwa mkali kwa kuku na kwa wapita njia, nilikuwa nakaa kwenye kiti robo saa kabla, nimenawa uso.

Jioni moja akaniuliza, mawimbi yakigonga kilima, tata, yanaishia wapi? Nikamwambia hayaishi yote. Mengine yanapinda juu ya mgongo wa kilima na kuteremka upande wa pili, dhaifu, lakini yapo, ukiwa na chombo cha kutosha unayasikia. Akasema, kumbe. Ilinijia kwamba katika miaka yote ya kazi ile hakuna mtu wa nyumbani kwangu aliyewahi kuniuliza. Na sikuwahi kuwapa nafasi, tuseme ukweli. Nilikuwa nakuja likizo na madaftari, naondoka na madaftari.

Hapo ndipo lazima niseme jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Jumamosi moja, pale kichuguuni, mwanangu aliniambia kwamba ana mwanamke mwingine Dar es Salaam na watoto wawili. Alisema hatamfuata huyu wa hapa. Aliniomba nisimwambie bado, atatafuta namna. Nilimtukana kwa Kikurya mpaka mtandao ukakatika, nikashuka na hasira zangu, nikapita uwanjani, nikanyamaza.

Nikanyamaza mwaka na zaidi. Mwanzoni nilijiambia si kazi yangu, mwenye mke ndiye aseme. Uongo. Nilijua akisikia ataondoka, na akiondoka hakutakuwa na mtu wa kuzungusha ile simu. Alikuwa na umri wa kuanza tena, kuolewa, kuzaa kama Mungu akipenda, nami nilikuwa nazila siku zake moja moja, pamoja na ugali wake. Kila jioni niliweka simu chini nikiwa na furaha, na kila jioni nilijiona mwizi.

Mwisho akauliza, kwa simu. Ilikuwa Jumamosi nyingine, jioni, siku ile nimetoka kilimani. "Tata, umeongea naye leo. Ameniulizia?" Nikasema sikumsikia vizuri, mtandao ulikuwa mbaya.

Nilisingizia mtandao. Mimi! Miaka yote ile nimewakatalia wakubwa kusema uongo kuhusu mtandao, nimesimama mbele ya watu wenye magari makubwa nikasema hapana, mitambo haina kosa, mpango wenu ndio una kosa. Sasa nimeusingizia mtandao mbele ya mtoto wa watu aliyenipikia. Akaniambia chakula kiko kwenye kigoda. Sikukila, nikawapa kuku.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano, mchana, mvua ilikuwa inakatika, nikaenda kusoma kipimo changu pale uwanjani nikashindwa kusoma namba. Macho yalikuwa yanaona vizuri tu. Nikaingia ndani, nikazungusha simu, akapokea kwa mshangao maana haikuwa saa yetu. Nikamwambia yote kwa mpigo mmoja, mwanamke, watoto wawili, kwamba hatakuja kumchukua, kwamba nimejua muda mrefu. Nikamaliza.

Kimya.

Nikasema halo. Kimya. Nikazungusha mpini, sikusikia jibu. Sasa nieleze vipi kilichofuata bila kuonekana mjinga? Mtu wa kawaida angejua kimya kile ni cha nini. Mimi nilifikiri laini imekatika. Mvua ilikuwa imenyesha, maji huingia kwenye viungo, niliona kabisa kichwani mwangu kiungo cha tatu kikiwa na kutu. Nikafungua simu, nikaangalia betri, nzima. Nikachukua koleo, nikatoka. Nikaanza kufuata waya kama nilivyofanya maisha yangu yote, nimeinama, mkono juu ya ardhi, nikifukua viungo kimoja kimoja. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu kikavu kabisa. Nikaenda mbele, matope magotini, nikisema na nafsi yangu kwamba kosa liko hapo mbele, na ninaponyanyua kichwa niko kwenye mlango wake. Mkono wangu uko juu ya kizingiti.

Alikuwa amesimama ndani na mkono wa simu sikioni. Machozi yanatiririka bila sauti. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwangalia usoni. Nilimjua kwa mwendo na kwa sauti. Ana uso mpana, mpole, na umechoka.

"Laini ni nzima, tata," alisema. "Ni mimi."

Niligeuka upesi nikampa mgongo, nikabaki pale pale na koleo langu. Sikuweza kuondoka. Yeye naye hakufunga mlango. Akaongea na mgongo wangu. Alisema alijua tangu mama yuko hai. Mwanangu alimwambia mama yake kwanza, na mke wangu, akiwa kitandani na maumivu yake, alimwita na kumweleza. Siku ile ile akamwomba asiondoke. "Alisema huna hata mtu mmoja wa kuongea naye. Nikamwahidi nitakaa mpaka uzoee."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwa nini basi aliniuliza Jumamosi.

"Mimi ni mtu wa nyumba yako. Siwezi kutoka bila neno lako. Nilikuwa nangoja useme."

Yaani alikuwa anangoja. Mimi nadhani namficha, kumbe yeye ananisubiri, jioni baada ya jioni, huku ananiuliza habari za ndege na milimita. Mlango wake ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mdomoni mwangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kikurya kingenitoa machozi: "Nenda kwenu, mwanangu. Ng'ombe sitawafuata. Atakayeuliza, mwambie mimi nimesema."

Mtu asiye wa huku labda haelewi uzito wa hayo maneno kuhusu ng'ombe. Mwanamke akirudi kwao bila mtoto, mahari hudaiwa, na kwa sababu hiyo wengi hawarudi. Nilipomwambia hivyo nilisikia anakaa chini, juu ya ndoo nadhani. Nikabeba koleo, nikarudi kwangu kwa hatua zile arobaini na moja. Nilifukia viungo vitatu njiani kwa sababu ndivyo kazi inavyotakiwa.

Aliondoka Alhamisi ya juma lililofuata. Nilimwita mwendesha pikipiki ninayemwamini, akampeleka na mizigo yake Tarime mjini kupanda gari la Mugumu, njia ya kwao. Alisimama katikati ya uwanja pale kilipokuwa kigoda, akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Nikasema marahaba. Kulikuwa na asali, chupa mbili, nilizoziweka kwenye kigoda tangu alfajiri, akazichukua. Nilitaka kumwambia mambo mengi, ila mbwa hakuwepo.

Wazee walilalamika kuhusu ng'ombe, nikawasikiliza. Mwanangu naye alipiga kelele kwenye simu, nikashuka kilimani kabla hajamaliza. Namba yangu mkwe wangu anayo. Kule Busawe mtandao ni mzuri, nakumbuka tulipima. Mimi siko kichuguuni isipokuwa Jumamosi, na kila Jumamosi sasa nakaa pale muda mrefu kuliko zamani, nimewasha simu, inanikaribisha Kenya. Hajapiga. Sitaki apige kwa kunihurumia. Nataka apige.

Nimejifunza kupika uji, unakuwa mwepesi au unakuwa na madonge, katikati sijapapata. Nyuki wapo. Saa tatu za watu ziko mezani hazijaguswa. Kila mwezi nabadilisha betri za simu zote mbili. Ile ya kule naifikia dirishani, kwa nje, siingii ndani hata kama hakuna mtu. Waya usiotumika huharibika haraka, fundi yeyote atakuambia.

Jua likikaribia kuzama nanawa uso, nakaa, nazungusha mpini. Kengele inalia nyumbani kwake. Naisikia kwa masikio yangu yote mawili kupitia uwanja, mlango umefungwa, inalia vizuri kabisa. Nangoja kidogo. Kisha naunyanyua mkono wa simu, nasema mvua ya leo ni milimita ngapi, na kama ni nyingi au chache, halafu nakwenda kukoroga uji.